Radhi kwa Kiingereza

Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri niliitwa Kibokoni, katika Mji wa Kale, nimwandikie barua bibi mmoja ambaye mjukuu wake amezaliwa na kukulia Uingereza, na ambaye Kiswahili chake hakizidi maamkizi. Baba wa kijana huyo alikuwa amefariki hapa Mombasa, na mwanawe hakuweza kufika mazikoni. Aliandika barua ya kurasa mbili kueleza udhuru wake, nami ndiye niliyemsomea bibi barua hiyo wiki iliyotangulia. Sasa bibi alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa fupi. Alishika kikombe chake cha kahawa, akaniangalia mpaka nilipokuwa tayari na kalamu, akasema: “Mwambie radhi zangu anazo, za duniani na za akhera. Asijisumbue nafsi.”

Hakuna mtoto wa pwani asiyeielewa kauli hiyo. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, hasa hati na barua za watu, na kwa miaka mingi nimeyapitisha maneno kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza bila kuogopa. Hata hivyo kalamu ilisita. Niliandika kwanza “You have my blessing”, nikaendelea na mstari wa pili, lakini bibi akanisimamisha.

“Hebu nirejeshee kwa Kiswahili, nisikie ulivyoandika.”

Nikamrejeshea: una baraka zangu. Akatikisa kichwa. Baraka ni jambo jema, alisema, lakini sizo alizozitaja. Nami nilipoitazama tena ile sentensi niliona kasoro nyingine ambayo yeye asingeweza kuiona: kwa Kiingereza maneno hayo husemwa mara nyingi na mtu aliyeombwa ruhusa, kama mzazi ambaye binti yake anataka kuolewa, kwa hiyo yana harufu ya idhini, na kijana hakuwa ameomba idhini ya jambo lolote. Nikafuta, nikaandika “I forgive you”, nikarejesha: nimekusamehe. Bibi akakiweka kikombe chini.

“Nimsamehe nini, mwanangu? Kwani nimesema amenikosea?”

Jaribio la tatu lilikuwa “I am pleased with you”, ambalo nililifuta mwenyewe kabla ya kulirejesha, kwa kuwa ni sauti ya mwalimu mbele ya mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Hapo nikaiacha kalamu na kufanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya tangu mwanzo. Nikamuuliza: “Bibi, mtu akiwa na radhi zako, ana nini? Na asiye nazo amekosa nini?” Alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba asiye na radhi ya mzazi ni yule ambaye mzazi ana kitu moyoni juu yake, na kitu hicho kitamfuata popote aendapo; ama mwenye radhi, moyo wa mzazi ni mweupe kwake na dua zake ziko nyuma yake. Nikayaandika maneno yake kama yalivyo, kwa Kiingereza cha kawaida kabisa: “There is nothing in my heart against you, in this life or the next, and my prayers go with you wherever you are.” Nilipoyarejesha kwa Kiswahili alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hilo ndilo.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiria maneno matatu niliyoyafuta. Hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Ukifungua kamusi ya Kiswahili na Kiingereza utapewa maneno ya namna hiyo yakiwa yamefuatana, na kila moja limeshika kipande cha radhi, lakini hakuna lililoibeba nzima. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kuridhika, nasi tumelitumia katika “niwie radhi”, katika “niko radhi”, katika “kumtaka mtu radhi” na katika radhi ya mzazi, na Kiingereza hakina neno moja linaloweza kukaa mahali pote hapo. Mwenye kutafuta neno moja atatafuta mpaka usiku. Kilichofungua njia ni swali, na swali lenyewe liliulizwa kwa Kiswahili.

Kamusi ya kawaida ina mlango mmoja: unaingia na neno, unatoka na maana. Mtu aliye katika hali yangu ya siku ile anao upande wa pili, maana anayo na neno hana. Aliyelishughulikia tatizo hili kwa Waingereza wenyewe alikuwa daktari wa tiba, Peter Mark Roget, aliyezaliwa London mwaka 1779. Alianza kujitengenezea orodha ya maneno mwaka 1805 kwa matumizi yake mwenyewe, kwa sababu alijiona hana wepesi wa maneno katika kuandika, na hakuichapisha mpaka mwaka 1852, alipokuwa na umri wa miaka 73. Hakuyapanga maneno kwa alfabeti. Aliyapanga kwa maana, katika mafungu sita makubwa yaliyogawanyika kuwa vichwa 1,000, ili mwenye wazo la hofu au la mwendo au la umiliki aende kwenye kichwa chake na kuyakuta maneno yote ya jamaa hiyo yamekaa pamoja. Jina alilokipa kitabu hicho lina maana ya hazina. Hunituliza kila mara kukumbuka kwamba aliyekusanya hazina hiyo alikuwa mwenyeji wa lugha, wala si mgeni, na kwamba yeye naye alipungukiwa.

Lakini hazina hiyo ina hatari yake kwetu. Hukuwekea maneno kumi mezani bila kukuambia ni lipi linaandamana na lipi. Chukua neno letu “kali”. Kisu ni kikali, mbwa ni mkali, mwalimu ni mkali, pilipili ni kali, dawa ni kali, jua ni kali, na sisi hatuoni tofauti kwa sababu kwetu ni ukali ule ule. Kwa Kiingereza kisu ni “sharp”, mbwa ni “fierce”, mwalimu ni “strict”, pilipili ni “hot”, dawa ni “strong”, na jua huweza kuwa “scorching”. Ukimwita mwalimu “sharp” umemsifu kwa wepesi wa akili, na wazazi watashangaa unalalamikia nini. Jambo hili halijulikani kwa kufikiri. Hujulikana kwa kusoma Kiingereza kingi kilichoandikwa vizuri na kuangalia kila neno linatembea na nani.

Katika shule niliyosoma, aliyesema Kiswahili nje ya kipindi chake alivishwa kibao shingoni mpaka atakapompata mwenzake wa kumvisha. Naamini adhabu hiyo ilituachia wengi wetu ugonjwa wa kutafuta neno kubwa, kana kwamba Kiingereza ni nguo ya kuonyesha watu, na maana ikiwa imetupwa nje. Nimesoma barua za maombi ya kazi ambazo kila sentensi ina neno la silabi tano na mwandishi hajasema anajua kufanya nini.

Ziko kazi ambazo kukosea neno kunagusa haki ya mtu. Miaka kadhaa nyuma nilitafsiri maelezo ya familia moja kuhusu mirathi, kwa ajili ya wakili wa ndugu zao wanaoishi ng'ambo. Palipoandikwa “ami yake” niliandika “uncle”, na kurasa mbili mbele palipoandikwa “mjomba wake” niliandika “uncle” vilevile. Wakili aliuliza, kwa haki kabisa, kama huyu ni mtu mmoja au wawili. Katika mirathi ya Kiislamu swali hilo ni kesi nzima: ami anaweza kurithi kwa uasaba, yaani kwa udugu unaopitia wanaume, pale wasipokuwapo walio karibu zaidi na marehemu, ama mjomba hayumo katika asaba, ni katika jamaa wa mbali wanaoitwa dhawi al-arham. Tena si kila ami, kwa kuwa ndugu wa baba kwa mama tu hana uasaba huo. Nilirudi kwa familia, nikauliza, na mwisho nikaandika “his father's brother by the same father”, maneno saba yanayochosha kuyasoma kila yanapotokea. Sikuyafupisha hata mara moja, na leo singeyafupisha.

Ndiyo maana napenda kumsoma Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kujifunza Kiswahili kwa watu wa hapa. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na ndani yake Kimvita chetu kimejaa. Watu huilaumu kwa kukosa mpangilio, na kweli si nyepesi kutumia. Lakini Krapf, ambaye Kiingereza nacho hakikuwa lugha ya mama yake, hakuridhika kutoa neno kwa neno: aghalabu alieleza, akatoa mfano, akaeleza tena. Kamusi zilizokuja baadaye zilikuwa nadhifu zaidi, na katika unadhifu huo maelezo mengi yalikatwa.

Msomaji naye ana haki yake. Rafiki yangu mwenye mashua aliniomba nimwandikie tangazo la wageni, kwamba wakati wa kusi hatoki nje ya mwamba. Neno lililonijia ni “monsoon”, nalo lina udugu na letu, kwani “monsoon” na “msimu” yote yametoka katika neno moja la Kiarabu, moja likipitia kwa Wareno na jingine likija kwetu moja kwa moja. Hata hivyo mgeni akilisoma huwaza mvua, na rafiki yangu alikuwa akisema habari za upepo na bahari iliyochafuka, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa hivi. Tuliandika “strong southerly winds, rough sea” pamoja na majina ya miezi. Neno la kusi lenyewe tuliliacha juu kwa Kiswahili, wageni wajifunze.

Jibu la mjukuu lilifika, nami nikaitwa tena Kibokoni. Bibi alitaka kumalizia barua ya pili kwa maneno haya: “Mwambie asikate mguu.” Safari hii Kiingereza kilikuwa na chake tayari, nacho ni “Don't be a stranger”, maneno ambayo Waingereza humwambia mtu anayeaga wakitaka asipotee. Nilifurahi kulipata kwa upesi namna ile. Lakini bibi hakusahau desturi yake, akaniambia nirejeshe, na nilipolirejesha neno kwa neno lilitoka “usiwe mgeni”.

“Mgeni?” alisema. “Huyu si mgeni, huyu ni wangu.”

Nikamweleza kwamba hapa maneno yasirejeshwe moja moja, kwa sababu kule husemwa mlangoni kwa mtu wa nyumbani, kama vile sisi tusemavyo mguu wala hakuna mguu unaokatwa. Aliligeuza jambo hilo kwa muda, akauliza kama kijana atalisikia kama alivyokusudia yeye. Nikasema atalisikia.

“Basi kama ndivyo wasemavyo kwao, andika.”