Udongo juu ya paa
Mwaka jana nilijaza udongo kwenye mabeseni 12 juu ya paa bapa la jengo tunaloishi, nikapanda nyanya na mboga za majani. Sikumuuliza mtu. Jirani yangu mhandisi alipopanda kuanika nguo akasimama, akauliza: "Umepiga hesabu ya uzito?"

Wapi! Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa hufika kilo 1,800 hivi, kwa hiyo tabaka la sentimita 20 tu ni zaidi ya kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Mapaa mengi hayakujengwa kubeba hivyo. (Usiku ule kila mlio wa dari ulinishtua.)

Nimeyasogeza mabeseni pembezoni, juu ya kuta zinazobeba jengo, na udongo nimeuchanganya na mboji na mawe mepesi ya volkano. Nyanya zinazaa, ila upepo wa huko juu unazikausha mno, namwagilia mara mbili kwa siku. Kinachonikera ni wasanifu: maegesho ya magari hawasahau kamwe, lakini bomba moja la maji juu ya paa halikuwajia akilini. Ndoo napandisha kwa ngazi, ghorofa nne.