Elbo Mbili

Simu iliita saa nane usiku. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika karakana ya matengenezo, na msimamizi wa zamu hakuwa na maneno mengi: bomba la feriki kloridi linavuja, tena pale pale tulipobadilisha elbo, kile kipande cha kona, siku tatu zilizopita. Elbo ile niliichukua stoo mimi.

Feriki kloridi ni kimiminika cha kahawia iliyokolea. Mitambo ya kusafisha maji huinunua kwa wingi kwa sababu hukusanya uchafu ukashikana na kuzama chini. Lakini kabla haijafika huko, lazima ipite kwenye bomba, na hapo ndipo kazi ilipo. Ina asidi, ina kloridi tele, na ayoni zake za chuma hunyang'anya metali elektroni bila hata kungoja hewa. Maabara zinazopima chuma cha pua huzamisha kipande ndani ya feriki kloridi ya asilimia 6 tu kwa saa 72, waone kama kitafanya vishimo. Yetu ilikuwa ya asilimia 40, tena vuguvugu. Sehemu kubwa ya bomba ilikuwa ya plastiki. Karibu na pampu tu, penye msukumo mkali, ndipo palipowekwa aloi ya nikeli, yaani mchanganyiko wa metali, ile iitwayo C-276.

Nilipofika, wenzangu wa zamu walikuwa wameshazima pampu na kufunga vali. Sakafu ya zege chini ya bomba ilikuwa inachemka povu la kahawia, na mmoja wao, amevaa ngao ya uso na glavu ndefu, alikuwa anamwaga magadi soda kwa koleo ili kuua ile asidi. Povu likazidi kuumuka. Nilisimama nikiangalia zege ikilika, nikijua kwamba mtu angekuwa anapita hapo chini muda ule, yangekuwa macho yake.

Kulipokucha, bomba likiwa limesafishwa, tuliikata elbo. Kwa nje iling'aa kama ilivyotoka kwenye sanduku, isipokuwa tundu moja dogo ambalo ncha ya kalamu ingeingia. Kwa ndani ilikuwa ubao ulioliwa na mchwa. Vishimo juu ya vishimo, vingine vimepanuka chini kwa chini na kuacha mdomo mwembamba juu. Na sentimita chache tu kutoka hapo, ng'ambo ya mshono, bomba lenyewe lilikuwa laini, halina hata alama.

Fundi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, aliishika ile nusu muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaniuliza, "Uliipimaje hii, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli. Maandishi ubavuni yalikuwa yamefutika, nikaweka sumaku, haikushika, nikaona ni C-276 yenyewe.

"Sumaku haishiki C-276," alisema. "Wala haishiki chuma cha pua cha 316."

Akaniambia nimlete elbo mpya ya aloi, yenye chapa inayosomeka, na nyingine ya chuma cha pua cha 316, zote za inchi 3 na unene mmoja. Akazipanga mezani. Kwa macho, mapacha. Akaniwekea moja huku, moja huku. Mkono wa kulia ukashuka kidogo, nikadhani ni hofu tu. Tukazipeleka kwenye mizani ya stoo: tofauti ilikuwa gramu 200 na ushee. Sentimita ya ujazo ya 316 ina gramu 8. Ya C-276 inakaribia gramu 8.9.

Kisha akawasha grinda. Cheche za chuma cha pua ziliruka mbali, za njano. Alipogusisha aloi, zilitoka fupi, nyekundu za kufifia, zikazimika karibu na jiwe. Nilikuwa nimeshika grinda miezi kumi na minane na sikuwahi kuzitazama cheche kama kitu kinachosema.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja mchana, walipoleta kifaa cha eksirei kinachosoma metali. Elbo iliyoliwa ilisoma kromi asilimia 17, nikeli 11, molibdeni 2. Bomba lisiloliwa lilisoma kromi 16, molibdeni 16, na zaidi ya nusu yake nikeli. Kromi karibu sawa! Mimi nilifundishwa kwamba kromi ndiyo inayozuia kutu, basi. Mzee alinieleza taratibu: kromi hujenga ngozi nyembamba juu ya chuma, kloridi huitoboa ngozi ile, na ndani ya kishimo asidi hujizidisha yenyewe, molibdeni ndiyo inayofunga kidonda kabla hakijazama. Na kipande dhaifu kikiwekwa katikati ya aloi bora, ile bora humharakishia mwenzake kifo, kwa sababu eneo lake kubwa linavuta elektroni kutoka kwenye kipande kidogo. Ndiyo maana siku tatu zilitosha.

Kuna jambo lingine, na hili bado linaniuma. Siku ile ya kuchomelea, welda aliniambia upande wa elbo unatiririka kirahisi kuliko alivyozoea. Aloi ya nikeli ikiyeyuka huwa nzito, lazima uisukume ifike pembeni. Alinitajia mara mbili. Nilimjibu kwamba huenda amepandisha moto, nikaendelea kufunga boliti za flanji.

Jioni ile hatukwenda nyumbani. Tulishusha kila elbo, kila tii na kila flanji ya aloi kutoka kwenye rafu, tukapima moja moja na kuandika namba mpya kwa kalamu ya kuchonga. Kwenye sanduku nililochukulia ile yangu zilikuwamo nyingine tano. Ya nne nilipoinyanyua, nilimwita Mzee kabla sijafika kwenye mizani.