Ukuta wa vidaka, wiki ya 19: chokaa imekubali, mchawi alikuwa kiyoyozi

Lipu ya chokaa kwenye ukuta wangu wa vidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta, imeshika. Leo asubuhi nimepita ukuta mzima na mpini wa nyundo, kidaka kwa kidaka, vyote 15, na hakuna hata kimoja kilicholia kama ngoma, dalili ya lipu iliyoachana na ukuta. Kuna ufa mmoja tu, mwembamba kama unywele, kwenye kidaka cha chini kona ya kulia, nao nimeamua kuuacha. Naandika upesi kabla sijaanza kutafuta makosa mengine.

Kwa asiyejua nilikotoka: nyumba yetu iko Goba, Dar es Salaam, na ni ya kisasa kwa kila alichopenda mchora ramani. Paa limefichwa nyuma ya ukuta, madirisha ya alumini ya kusukuma, marumaru za sentimita 60 kwa 60 zinazong'aa kama kioo, dari ya jipsamu ya ngazi mbili na taa za kuzama. Sebule ni mita 5.2 kwa 6.4. Wiki tuliyohamia mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, alikaa kwenye kochi kama nusu saa, akatazama huku na huku, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, daktari anaingia saa ngapi?" Nilicheka. Usiku nikawa nakodolea dari macho.

Wengi huilaumu rangi nyeupe, wanakimbilia ukuta mmoja wa kahawia na mapazia mazito. Mimi siilaumu. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe ni nyeupe ndani kwa chokaa, na hakuna aliyewahi kuziita zahanati. Wenzetu wale walikuwa na kivuli. Ukuta wao una vidaka, kingo zisizonyooka sawasawa, uso uliopita mkononi mwa mtu, kwa hiyo mwanga ukiingia unanasa hapa, unazama pale. Ukuta wangu ulipigwa lipu ya saruji, ukapigwa puti, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi ya kung'aa, mpaka mwanga ukakosa pa kushika. Ndiyo sababu nilianza na ukuta.

Ujenzi nauruka, nilishausimulia wiki zilizopita. Bloku za inchi 4 mbele ya ukuta uliopo, safu 3 za vidaka 5, linta ndogo za zege, matao kwa kiolezo cha plaiwudi. Neno moja tu kuhusu vipimo. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na vidaka vinavyolingana vyote, na ulionekana kama rafu za duka la dawa (hospitali haikutaka kuniacha). Vyumba vya zamani vya Lamu ni vyembamba, mara nyingi upana haupiti mita 3, maana dari lake limebebwa na boriti za mikoko na mti wa mkoko una urefu wake. Mtu aliye ndani yuko karibu na ukuta, kidaka kidogo kinamtosha. Kwangu, anayekaa kwenye kochi yuko mita 5 mbali. Nilibandika maboksi ya viatu ukutani kwa wiki nzima nikiyahamisha kila jioni, mpaka nikafika kwenye safu ya kati iliyo kubwa, ya juu ndogo, na vidaka vya pembeni vyembamba kuliko vya katikati. Mtoto wangu wa mwisho alidhani tunafungua duka.

Sasa chokaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa Januari. Nilinunua chokaa ya mfuko, nikailowesha usiku, asubuhi nikachanganya na mchanga, kipimo kimoja kwa vitatu, nikapiga unene wa kama sentimita 2 kwa mpigo. Baada ya siku mbili ukuta ulikuwa umepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Hili halikunishangaza sana. Nilikuwa na haraka, bloku zilikuwa kavu, zikanywa maji yote ya lipu kabla chokaa haijajua imefika wapi.

Jaribio la pili nilimsikiliza fundi aliyenijengea vidaka. Yeye aliona dawa ni kutia saruji kidogo "iipe nguvu". Kidogo chake kilikuwa koleo mbili kwa kila karai. Ikashika haraka, ikanyooka, nikafurahi siku nne. Siku ya tano nikagonga: ngoma tupu. Nikaingiza ncha ya mwiko pembeni, ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai lililochemshwa. Siku mbili za kubandua, vumbi hadi kwenye sufuria za jikoni. Mke wangu hakusema kitu, na ninyi mnajua ukimya wa aina hiyo.

Hapo nikarudi kusoma chokaa ni nini hasa. Ni jiwe lililochomwa kwenye joto la kama nyuzi 900 likapoteza hewa ukaa yake, kisha likapewa maji. Ukilipiga ukutani linaanza kuirudisha hewa ile taratibu, likawa jiwe tena. Kazi hiyo inahitaji unyevu. Lipu ikikauka kabla ya wakati inabaki unga uliosimama tu. Nilikuwa naichukulia kama saruji mvivu, kumbe ni kitu kingine kabisa.

Jaribio la tatu, basi, nilifanya kila kitu kwa adabu. Chokaa ilikaa kwenye pipa chini ya maji wiki sita mpaka ikawa laini kama siagi. Mchanga wa mtoni, umechekechwa na kuoshwa. Nyuzi za katani kutoka Tanga, nilizozikata vipande vya sentimita 3 kwa mkasi wa ushonaji (samahani, mke wangu), zikaingia kwenye tabaka la kwanza. Bloku nilizinywesha maji jioni na asubuhi. Matabaka membamba, milimita 8, kisha 6.

Na ikapasuka. Lakini kulia tu! Safu wima ya nne na ya tano zimechanika, ya kwanza hadi ya tatu safi kabisa. Pipa moja, mchanga mmoja, mkono mmoja, siku moja.

Nilikaa na fumbo hili wiki tatu. Nikadhani jua la jioni, lakini dirisha la magharibi liko upande wa kushoto, kwenye vidaka vizima. Nikadhani bloku za kulia zilitoka kwenye mzigo mwingine, nikazimwagia maji zote na kuhesabu sekunde za kunyonya; sawa. Nikalaumu feni, lakini feni haijawashwa tangu tununue kiyoyozi. Nikabandua, nikapiga tena kulia peke yake. Ikapasuka kulekule.

Aliyefumbua ni mama mkwe, bila kujua. Alhamisi moja jioni aliweka chetezo mezani akafukiza udi. Kiyoyozi kilikuwa kinawaka, kama kila jioni watu wakikaa kutazama tamthilia. Moshi ulipanda kidogo, ukapinda, ukaenda mstari mmoja hadi ukutani, ukaupiga ukuta kwenye safu ya nne na kujitandaza kwenye ya tano. Nilisimama na kikombe mkononi kama mjinga. Mchana kutwa nanyunyiza maji, usiku mashine inayokausha hewa inapuliza palepale kwa saa tano.

Jaribio la nne: kiyoyozi kimezimwa wiki tatu, na mjadala wake sitausimulia. Magunia mabichi yamening'inizwa mbele ya ukuta bila kuugusa. Maji kidogo asubuhi na jioni. Masika nayo ilikuwa imeingia, hewa nzito, nguo hazikauki kambani. Kila mtu analalamika, mimi nashangilia. Na matokeo ndiyo hayo ya leo asubuhi.

Kuhusu vifaa, kwa kuwa mtaniuliza. Bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa za mimea limenisikitisha: matone makubwa, yanachimba lipu mbichi. Chupa ya kunyunyizia ya saluni, ile ya bei ya soda mbili, inatoa ukungu mzuri kuliko kitu chochote nilichonunua. Mwiko wa chuma utumie kwa tabaka la mwisho tu, tena kwa mkono mwepesi, maana ukiukandamiza unaziba uso na hewa haipiti. Kwa tabaka za chini nimetumia kibao cha mbao. Pima ya leza niliyoinunua kwa mbwembwe ilinipa mistari miwili isiyokubaliana, nikarudi kwenye mpira wa maji wa kupimia usawa. Mpira wa maji haujawahi kumdanganya mtu.

Kisha umeme ulikatika juzi usiku. Niliwasha taa ya kuchaji, nikaiweka sakafuni kwa sababu meza imejaa vitabu vya watoto, na ukuta ukabadilika. Kila kidaka kikapata tumbo, matao yakatoka nje, hata alama za kibao zikaonekana kama maji ya bahari yaliyotulia. Umeme uliporudi taa za dari zikaufuta wote kwa sekunde moja. Ziko 12, za 6500K, yaani nyeupe baridi, zote zinapiga kutoka juu. Miezi minne nimehangaikia lipu chini ya taa ambazo haziwezi kuionyesha! Jana nimenunua taa mbili za kusimama sakafuni na balbu za 2700K, zenye mwanga wa manjano, na za dari sasa zinawashwa tu kitu kikipotea.

Mpango ulikuwa boriti za dari baada ya ukuta. Nimeziacha. Mikoko haikatwi kiholela, inataka kibali, na boriti za bandia zilizogundishwa chini ya jipsamu zisizobeba kitu zingenikera kila nikiinua macho. Isitoshe, jioni hizi bila kiyoyozi tumekuwa tukikaa nje mlangoni, kwenye ndoo na bloku zilizobaki, na majirani wawili wameanza kusimama kusalimia na kisha kukaa. Bloku zile zina urefu wa baraza kabisa. Basi baraza ndiyo kazi inayofuata, nimeshapima: sentimita 45 kwenda juu, 50 kina, mita 3.6 hadi kwenye mita ya maji. Kona ya kushoto itakuwa ya mama mkwe na chetezo chake, ameshaniambia hivyo.

Pipa la pili la chokaa nimelilowesha jana usiku, nyuma ya tangi. Mke wangu bado hajaliona.