Nilivyopata malipo ya furlo nikiwa dairekta peke yangu kwenye kampuni

Mwaka 2020 nilikuwa na kampuni ndogo ya limitedi hapa Leicester, Uingereza, napikia harusi na misiba, dairekta mimi mpishi mimi, lokidauni ilipoingia Machi oda zote zikafutwa ndani ya wiki moja. Kila niliyemuuliza ananiambia furlo, ule mpango wa serikali wa wakati wa korona wa kulipa sehemu ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimama kazi, ni ya waajiriwa, we dairekta huna chako. Hata mhasibu niliyekuwa namlipa kila mwezi alisema hivyohivyo, eti nisubiri ule msaada wa waliojiajiri. Nimesubiri karibu wiki tatu jamani! Nakuja kusoma mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, kumbe msaada ule haumhusu kabisa dairekta wa limitedi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kumbe kama ulikuwa unajilipa mshahara kwa PAYE, ule mfumo wa kukatwa kodi kwenye mshahara, na taarifa yake ilifika HMRC, yaani mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 19 Machi 2020, we ulihesabiwa mfanyakazi wa kampuni yako kama mfanyakazi mwingine. Ulikuwa unapata asilimia 80 ya mshahara, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi, ila gawio halikuhesabiwa na hapo ndo wengi tuliumia, maana mshahara tunaujilipa kiduchu kwa ajili ya kodi halafu nyingine tunachukua kama gawio. Mimi nilikuwa najilipa 719 kwa mwezi, ikatoka 575 na ushee. Kodi ya nyumba haitoshi lakini chakula cha watoto kilipatikana. Rafiki yangu mmoja yeye alikuwa anajilipa mara moja tu kwa mwaka, mwisho wa Machi, taarifa yake ikaenda baada ya ile tarehe, akakosa mpaka Novemba masharti yalipobadilishwa.

Sasa kikao. Ili dairekta aingie furlo, kampuni ilitakiwa iamue rasmi na uamuzi uandikwe, basi usiku watoto wamelala nikakaa mezani jikoni nikaandika muhtasari wa kikao cha bodi, tarehe, mahali, aliyehudhuria mimi, uamuzi dairekta asimame kazi kuanzia 20 Aprili. Halafu nikaandika barua kutoka kwa kampuni kuja kwangu, nikasaini kama kampuni, nikasaini tena kama mfanyakazi. Mume wangu alicheka, mi nikamwambia hii ndo itatulinda. Tarehe sikuirudisha nyuma ingawa nilishauriwa, zile wiki tatu zikaenda bure.

Maombi yalikuwa ya mtandaoni, na msimbo wa kufungua akaunti ya PAYE ulikuja kwa posta, siku kama nane hivi, hela yenyewe haikuchukua hata wiki.

Kilichonitesa ni kukataa kazi. Karibu na Idi mama mmoja akapiga anataka pilau ya familia tatu, nikamwambia dada yangu nisamehe siruhusiwi, maana ukiwa furlo dairekta ulibaki na yale ya kisheria tu kama mahesabu na ripoti za Companies House, yaani msajili wa makampuni, ukipika sahani moja ya kuuza ulikuwa umevunja masharti. Julai waliporuhusu kufanya kazi kwa saa chache nilimpigia yeye wa kwanza.

Kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa miaka 6. Zangu ziko kwenye faili juu ya kabati, muhtasari wa kikao nimeuweka mwanzo kabisa.