Siku nzima kuutafuta umri wa kijana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ikalia. Ni mama mmoja jirani hapa Likoni, Mombasa; ajua mie husaidia watoto wenye kesi. "Dada, mwanangu wamemkamata jana magharibi. Wasema kaiba betri ya tuktuk. Si ni mtoto yule?"

Ana miaka 15, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamkinga asishtakiwe kabisa mtoto wa chini ya miaka 12 tu. Cheti cha kuzaliwa? Kimya.

Saa moja, feri. Mahamri mawili nikiwa nimesimama.

Saa mbili, kituoni. Karatasi ya mashtaka imeandikwa miaka 18. Nikauliza wamejuaje. "Muone alivyo mrefu." Urefu! Mie darasa la sita nilikuwa namzidi mwalimu wa hesabu. Tarakimu hiyo si mchezo: wa miaka 18 akikosa dhamana atalala rumande na watu wazima gereza la Shimo la Tewa. Wa miaka 15 apelekwa Mahakama ya Watoto pale Tononoka, kesi yasikizwa faraghani, na hata maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu" hayatumiki kwake. Afisa akasema nilete karatasi, ama kijana apelekwe hospitali ya Makadara akapimwe umri.

Nikavuka tena.

Saa nne tulikuwa tumepindua sanduku la uvunguni: leso, risiti za kodi, picha za harusi. Kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya msahafu. Wino umefifia, tarehe yasomeka.

Saa sita karatasi mpya ikaandikwa 15. Hakuna aliyeomba radhi.

Kabla hatujaingia kortini nikakaa na kijana. Kesi yaweza kumalizwa nje ya mahakama iwapo atakiri kwa hiari yake, na hapo ndipo mie huogopa kumsukuma mtoto aseme yanayonirahisishia kazi. Nikanyamaza. Akasema mwenyewe: "Niliichukua. Wiki tatu fundi niliyemfanyia kazi hajanilipa."

Saa nane, kikao kilikuwa kifupi. Afisa wa watoto aandike ripoti, kijana arudi nyumbani na mamake, warejee baada ya wiki mbili. Fundi alikuwa nje, kanuna. "Mie sitaki mtu afungwe. Betri yangu imeshikwa kama kielelezo, tuktuk imelala." Nikamuuliza kuhusu zile wiki tatu. Akatazama viatu vyake.

Saa kumi na moja, feri tena. Kijana ala viazi karai bila kuinua kichwa. Mamake ameifunga kadi kwenye pindo la leso, fundo mbili, kama pesa.