Siku yangu maabara, msimu wa masika: damu, kuvu na baba aliyetaka karatasi

Saa 11 alfajiri niko kituoni. Mvua imenyesha usiku kucha na daladala ni za kugombania. Nafika kazini saa 1 kasoro robo, viatu vimelowa. Navaa koti jeupe, nawasha mashine, napitisha kontroli, yaani sampuli zenye majibu yanayojulikana, kuona kama mashine inasoma sawa. Kontroli zikikataa, hakuna jibu linalotoka, hata foleni iwe imefika barabarani.

Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Dar es Salaam. Wengi hudhani kazi yangu inaishia kwenye sindano.

Saa 1 hadi saa 4 ni damu mfululizo: sukari, malaria, figo. Masika huongeza wenye mafua yasiyoisha, macho mekundu na vifua vinavyobana. Nyumba hazikauki, kuta zinaota ukungu, magodoro yananuka uvundo. Hao daktari huwaandikia kipimo cha damu cha IgE mahsusi ya kuvu: IgE ni kingamwili ya mzio, na kuvu zenyewe ni Alternaria, Cladosporium, Aspergillus au Penicillium.

Mama mmoja amemleta binti wa miaka sita hajanywa hata chai. Ana wasiwasi kwamba setirizini, dawa ya mzio aliyompa jana, imeharibu kipimo. Namwambia dawa hiyo huvuruga kipimo cha kuchoma ngozi. Cha damu hakiguswi, na mtoto angekula tu. Mshipa wake mwembamba kama uzi, lakini naupata mara ya kwanza. Damu naiacha igande nusu saa, naizungusha, seramu ya njano inabaki juu. Kila aina ya kuvu inataka mikrolita 40 tu za seramu hiyo.

Saa 6 anakuja baba mmoja kuchukua majibu ya mwanawe, na hapo ndipo siku yangu ilipokwama.

Kuvu zote nne zilisoma chini ya 0.35, yaani chini ya kiwango cha kuhesabu kwamba kingamwili ipo. IgE ya jumla, yaani ya vitu vyote kwa pamoja, ilikuwa juu sana. Akaweka kidole kwenye namba hiyo kubwa: "Dada, si hii hapa? Niandikie kwamba ukuta wa chumba ndio unamuumiza mtoto, nimpelekee mwenye nyumba." Nikamwambia, baba, damu haipimi ukuta. Inaonyesha kama mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya kuvu fulani, na kwa hizi nne hatukuziona. Jumla hupandishwa na mengi: mzio mwingine, ukurutu, minyoo. Na hata ingesoma juu, bado daktari angehitaji kusikia mtoto anakohoa lini na wapi.

Hakutaka. Alisema tumekula hela yake. Alisema mashine mbovu. Foleni ikaanza kunung'unika, mwenzangu alikuwa likizo, simu ya wodini inalia. Nikaeleza tena, na tena, sauti yangu ikianza kukauka. Kilichoniuma si matusi. Ule ukuta naamini upo, na unyevu unabana vifua hata vya watu wasio na mzio. Lakini nikiandika nisichokipima, karatasi yangu ya kesho haitaaminiwa na mtu yeyote, hata ya yule binti wa asubuhi.

Nikamwomba arudi kwa daktari na majibu kama yalivyo. Akaondoka bila kuaga.

Chakula sikula. Sijui ilikuwa saa ngapi umeme ulipokatika. Jenereta ikawaka, nikarudia kontroli mwanzo. Miguu inawaka moto. Majibu ya binti yakatoka, Alternaria iko juu waziwazi. Nikakagua jina, namba, chupa, nikasaini.

Jioni nafunga dirisha, nasikia hodi. Ni yule baba, ana fomu mpya ya daktari: choo, kutafuta minyoo.

"Dada, samahani kwa mchana. Hiki naleta saa ngapi?"

Nikampa kikopo chenye kifuniko. "Asubuhi, baba, kikiwa kibichi. Saa 1 nitakuwepo."