Miwani inayoteleza puani: jinsi nilivyoituliza

Miwani ya plastiki ilikuwa ikishuka kila nikiinama. Wengi hukimbilia kubana mikono yake, lakini mikono iliyobana kichwa huisukuma miwani mbele zaidi. Kasoro ilikuwa kwenye daraja, sehemu ya fremu inayokaa juu ya pua. Ndani ya mkono huandikwa mfano 52□18-140: upana wa lenzi, nafasi kati ya lenzi (yaani daraja), urefu wa mkono, vyote kwa milimita. Kwenye pua bapa, daraja la plastiki halina pa kukaa, basi fremu huegemea mashavu na ukicheka inapanda.

Nilihamia fremu ya chuma yenye vipedi vya silikoni. Fundi hupinda vishikizo vya vipedi hivyo kwa koleo mpaka vipedi vilale sawasawa puani. Kipedi kikigusa kwa ukingo tu, kitachimba ngozi. Mkono nao upinde pale unapovuka sikio. Kipindo kikiwa nyuma mno, miwani huteleza hadi kinase sikioni. Kikiwa mbele mno, sikio linauma. Plastiki isikunjwe baridi, itakatika.

Kuhusu sura, uso wa duara hupendezwa na fremu yenye pembe, ila upana ndio muhimu: mboni ikae karibu na katikati ya lenzi, kope zisiguse kioo.